Goli la Uwanja Mwingine

Kitu cha kwanza alichokiona Kitinda ni mkono wa kaka yake. Ulipanda mapema mno.

Ilikuwa mechi kama mechi nyingine, sebule imejaa, viatu vimerundikana mlangoni. Winga alikuwa bado anakokota mpira pembeni, hata kwenye boksi hajafika, kaka mtu akanyanyua mkono na kusema polepole, kama anayeomba chumvi mezani, "Goli hilo." Wenzake wakageuka kumtazama. Waliporudisha shingo kwenye runinga, krosi ilishapigwa, mtu akaruka na kichwa, mpira ukatikisa nyavu. Fundi wa friji, rafiki yake wa siku nyingi, alimkumbatia nusura amvunje mbavu.

"Huyu si dereva," fundi akawaambia wengine. "Huyu ni mtabiri. Anajipotezea muda kwenye usukani."

Jina likamganda. Mtabiri huku, Mtabiri kule, mpaka kwenye kiwanda cha sabuni alikofanya kazi ya kuendesha gari dogo la mizigo. Watu waliokuwa wakitazama mpira kwenye vibanda wakaanza kubisha hodi kwake kila Jumapili, wakione kipaji hicho kwa macho yao. Naye hakuwaangusha. Goli moja alilitabiri, jingine aliliacha lipite, ili mambo yasije yakazidi utamu.

Kitinda alikuwa akiyaona hayo kutoka mlangoni mwa jikoni, sinia mkononi. Yeye ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao, na kaka yake ndiye aliyeufungua. Mama alipofariki, Kitinda yuko darasa la tano, kaka alikuja akamchukua na begi lake moja, akamleta hapa kwake. Shule haikuendelea, lakini njaa hakuijua tena. Alikula walichokula, alivaa walichovaa. Tatizo lake lilikuwa moja: mbele ya wageni maneno yalimkauka kooni. Akiulizwa jambo alijibu kwa kichwa, akizidiwa sana alisema "ndiyo" na kukimbilia jikoni.

"Dada yenu huyu," fundi wa friji alipenda kusema, "maneno yake anayaweka akiba. Siku akiyatoa tutahama mtaa."

Sasa, dirisha la jikoni lilitazamana na kibanda cha jirani mmoja mshona viatu, na mshona viatu huyo hakuwa na runinga, alikuwa na redio. Kitinda alikuwa ameshazoea kusikia mtangazaji wa redio akipiga kelele za goli dirishani, kisha yeye kuosha kikombe kimoja kizima, ndipo sebule nayo ilipuke. Redio ilitangulia, picha ilifuata nyuma. Kwa nini ilikuwa hivyo hakujua, ila ndivyo ilivyokuwa. Kwa hiyo alipouona uzi mweusi, mwembamba, unatoka kwenye mfuko wa shati la kaka yake, unapita chini ya kola na kupotelea ndani ya kofia ya sufu aliyokuwa akiivaa siku hizi hata jua likiwaka, alielewa. Alijiinamia kwenye beseni la vyombo akacheka peke yake. Kumbe Mtabiri ana redio ya simu sikioni. Alidhani ni utani tu, na alipenda kuwa yeye ndiye pekee aliyeugundua.

Utani huo ulimwisha siku moja ya katikati ya wiki, mchana.

Kaka alikuwa nyumbani, amekaa kwenye kiti chake, anatazama mechi peke yake. Sauti ya runinga ilikuwa imezimwa kama kawaida, kwa kuwa watangazaji wake walitangaza kwa lugha ya kigeni na kaka alidai wanamtia kichefuchefu. Kitinda alikuwa akifagia nyuma ya meza. Ufagio ukanasa waya, plagi ikachomoka ukutani. Picha ikapotea. Kioo kikabaki cheusi, ndani yake pakang'aa dirisha tu na mwanga wa nje. Kitinda aliganda, akingoja kugombezwa. Kaka aliendelea kukikodolea macho kioo, mwili ameuinamisha mbele, vidole vinapigapiga goti. Kitinda akapita mbele ya runinga kwenda kuichomeka.

"Aa, mdogo wangu," kaka akasema, "usinizibie bwana. Wanapiga kona hawa."

Alisimama na ufagio wake. Kisha akasogea pembeni, kama alivyoambiwa, ili kaka yake aione ile kona.

Baada ya hapo mambo yalianza kujipanga yenyewe. Ujumbe wa simu kaka alimpa yeye amsomee, eti ajizoeze kusoma asije akasahau kabisa. Chai alipojimiminia ilifurika. Kioo cha pembeni cha gari la mizigo kilivunjika, akasema kuna mjinga amemgonga kwenye maegesho. Ngazi za mlangoni alizishuka akiwa ameshika ukuta, naye hakuwa mzee. Alikuwa anaona mwanga, bila shaka, na vitu vikubwa, kama mtu anayetazama kupitia kioo cha bafuni. Mpira haukuwa kitu kikubwa. Wala mtu anayevuka barabara.

Kitinda alilibeba jambo hilo kifuani kama sufuria ya maji ya moto, anaogopa kutembea nalo na anaogopa kulitua. Kaka akikosa kazi, wangekula nini? Na yeye ni nani, mtoto wa juzi, ambaye hata darasa la sita hakuliona, amwambie mtu aliyemlea kwamba ameharibikiwa? Gari lilikuwa dogo, njia yake fupi, mchana kweupe. Akajipoza kwa hayo.

Kisha wifi yake, mke wa kaka, akarudi kutoka kazini jioni moja anacheka tangu getini.

"Wifi, weka chai. Kaka yako anapewa basi."

Basi la wafanyakazi. Lile kubwa linalowachukua wanawake wa kitengo cha kufungasha sabuni alfajiri, taa za barabarani zikiwa zimezimwa na jua bado halijatoka. Wifi mwenyewe alikuwa wa kitengo hicho. Dereva wa zamani alikuwa amestaafu, na msimamizi wa magari alikuwa amesikia sifa za Mtabiri mpaka akasema mwenye jicho kama hilo ndiye wa basi; Jumapili atakuja mwenyewe kutazama fainali, na akiridhika atampa funguo hapohapo.

Kitinda aliweka chai. Alitia majani mara mbili na sukari hakutia kabisa.

*

Jumapili ilipofika, wifi alipiga pasi shati la mumewe mpaka mikunjo ikawa kama ukingo wa karatasi. Fundi wa friji alitangulia kufika. Akafuata mlinzi wa geti la kiwanda, mtu mzima ambaye kila mtu alimwita Mzee Geti, na nyuma yake msimamizi wa magari, mtu mnene, mpole, mwenye tabia ya kutazama kitu kwa muda kabla ya kukisema.

"Shikamoo," Kitinda alinong'ona.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mdogo wake Mtabiri? Nawe unatabiri?"

Alitikisa kichwa, akakimbilia jikoni.

Mechi ikaanza. Kaka mtu alikuwa amejaa furaha kuliko siku zote, na Kitinda alijua ile haikuwa furaha. Alicheka kabla ya watu kumaliza vichekesho vyao. Shingo ilikuwa ngumu, kofia imeshuka mpaka masikioni.

"Bosi, jionee," fundi wa friji alimwambia msimamizi. "Ukimwona amenyamaza, jua anaongea na mizimu ya uwanjani."

"Mimi sina mizimu," kaka akasema. "Nina uzoefu."

"Wanawake wenzangu wameshagombania viti vya basi," wifi alisema, akikaa kwenye mkono wa kiti cha mumewe. "Nimewaambia cha mbele kina mwenyewe."

"Shemeji, ukikaa mbele utamchanganya dereva," fundi akasema.

"Nimchanganye vipi? Miaka yote ameendesha akinifikiria. Sasa na aendeshe akiniona."

Wakacheka wote. Kitinda, mlangoni, aliona kaka yake amecheka kwa mdomo tu.

Kipindi cha kwanza kiliisha bila goli. Wakati wa mapumziko kaka aliinuka, akasema anataka maji, akaja jikoni. Alipitisha vidole kwenye ukingo wa meza mpaka vikagusa glasi. Akanywa. Halafu akasema kwa sauti ya chini, uso ameuelekeza dirishani:

"Bosi amekaa wapi?"

"Kwenye kiti cha mto mwekundu. Chini ya dirisha."

"Na Mzee Geti?"

"Mkono wako wa kushoto. Amenyoosha miguu, usije ukaikanyaga."

"Haya." Aliiweka glasi chini taratibu, akitafuta meza kwa kitako cha glasi. "Wewe mtoto una akili."

Hapo ndipo walipolikaribia jambo kuliko siku nyingine yoyote. Lilikuwa limesimama katikati yao, kubwa kama kabati, nao wakilizunguka. Maneno yalimfika Kitinda mpaka nyuma ya meno.

"Kaka."

"Mm?"

"Kofia imekaa upande."

Akairekebisha, uzi ukafichika. Akarudi sebuleni, na miguu ya Mzee Geti akairuka vizuri kabisa.

Kipindi cha pili kilianza, Kitinda bado anaosha kitu ambacho kilishaoshwa. Redio ya mshona viatu ilikuwa inanguruma dirishani, na ndipo alipogundua jambo ambalo katika kipindi cha kwanza hakulitilia maanani. Siku hiyo watangazaji walikuwa wawili, kila mmoja uwanja wake, wanapokezana. Mmoja alikuwa kwenye fainali. Mwingine alikuwa mbali huko, kwenye mechi nyingine ya watu wengine kabisa. Yule wa kwanza alikuwa anasema mchezaji ameanguka, madaktari wanaingia, mchezo umesimama. "Basi wakati tunangoja," akasema, "nasikia mwenzangu ana jambo. Haraka, twende kule." Kelele za sebuleni zikayameza maneno hayo. Na kule, bila salamu, bila kusema yuko wapi, mtangazaji wa pili alikuwa tayari anapiga ukelele mmoja mrefu: goli, goli, goli.

Kitinda aliacha maji yakimwagika. Usinyanyuke, alisema moyoni. Kaka, tafadhali, usinyanyuke.

Alipofika mlangoni, kaka yake alikuwa ameshasimama, mikono yote miwili juu.

"Goli hilo," alikuwa anasema. "Si nimewaambia? Goli hilo."

Kwenye runinga, mtu alikuwa amelala kwenye nyasi ameshika goti. Wachezaji wenzake wamemzunguka, mmoja amejishika kichwa. Machela ilikuwa inaletwa mbio.

Kisha fundi wa friji akaangua kicheko mpaka machozi.

"Mtabiri, mtu anavunjika mguu wewe unashangilia?"

"Labda amemwona anayemdai," Mzee Geti akasema.

"Mimi natazama mbali," kaka akajibu haraka, akishusha mikono. "Ninyi mnatazama la sasa. Goli linakuja, ngojeni."

Wifi alimpiga kibao cha mgongo kwa mapenzi, akamvuta akae. Lakini msimamizi wa magari hakucheka. Alikuwa amegeuka kabisa, ameipa runinga kisogo, anamtazama mwenyeji wake kwa ule utazamaji wake wa polepole.

"Hebu niambie, kijana," alisema. "Hapo sasa hivi unaona nini?"

"Wapi, bosi?"

"Hapo. Kwenye picha."

Kicheko cha fundi kikapungua, kikafa. Kaka mtu alilamba midomo. Macho yake yalikuwa kwenye runinga, na Kitinda aliyaona yanatafuta, yanakwenda huku na huku juu ya ule mwanga kama mkono unaopapasa swichi gizani.

"Naona kipa amelala," kaka akasema.

Hakuwa kipa. Kipa alikuwa amesimama golini kwake, anakunywa maji.

Msimamizi alifungua mdomo. Na Kitinda, asijue kama ameamua au ameteleza, aliingia sebuleni na sinia, akainama kumpa mgeni kikombe, na chai yote ikamwagika kwenye mkeka, karibu na vidole vya mgeni.

"Lo, huyu mtoto," wifi akaruka. "Umemuunguza mgeni? Leta kitambaa. Samahani, bosi, samahani sana, haya anayafanya kwa aibu tu."

"Sijaungua, mwacheni," msimamizi alisema, akiinua miguu. "Sijaungua, mwanangu, usitetemeke."

Alipiga magoti akafuta. Alifuta mahali palepale muda mrefu, na wakati anafuta mchezo ukaendelea, picha ikabadilika, swali likapotea. Kaka yake alikuwa amekaa kwenye kiti kando yake. Aliusogeza mguu tu, mpaka kidole gumba kikagusa bega la mdogo wake, kikakaa hapo kidogo, kikaondoka.

Kitinda alirudi jikoni na kitambaa kinachotona. Alikuwa amemwokoa. Akajiuliza amemwokoa na nini.

Na kama vile mambo yalikuwa yamepangwa kumsaidia mtu anayekwenda kuanguka, dakika za mwisho redio ikampa goli la kweli. Safari hii kaka hakuinuka. Alisubiri, akasikiliza mpaka akajiridhisha ni uwanja huu huu, kisha akasema kwa utulivu, "Kushoto. Chini. Kipa hafiki." Mpira ukaenda kushoto, chini, kipa hakufika. Fundi wa friji alianguka sakafuni. Mzee Geti alivua kofia yake akamvisha Mtabiri juu ya ile ya sufu. Hata msimamizi alijipiga paja akatikisa kichwa, na uso wake ukafunguka, na Kitinda aliona kwamba lile swali lilikuwa limemtoka kabisa.

Kipenga cha mwisho kikalia. Msimamizi akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo. Zililia zilipotoka, na kaka akaupeleka mkono kwenye ule mlio, sawasawa, kama mtu mwenye macho manne.

"Kesho alfajiri," msimamizi alisema. "Usinichelewee."

Wifi alipiga vigelegele, kisha akacheka mwenyewe kwa kuona ameshangilia kama yuko harusini. Alimshika mumewe shingoni. Alisema kesho atavaa kile kitambaa chake kipya cha kichwa, wenzake wamwone anavyoshuka kutoka kiti cha mbele.

"Njia ile naijua," kaka alisema, anazipimapima funguo kiganjani. "Hata nikifumbwa macho."

"Basi ujifunze upya," Mzee Geti alisema, akitafuta viatu vyake. "Watu wa maji wamechimba jana, pale kona ya shule. Mtaro unamfika mtu kifuani. Wameweka mawe matatu na tawi la mti, basi, hakuna taa wala nini. Na giza lile la alfajiri. Uwe macho."

"Nitakuwa macho, mzee wangu."

Alilisema bila kigugumizi. Alilisema kama vile anavyosema "Goli hilo." Kitinda alimtazama, akaelewa kwamba kaka yake ataondoka kweli. Ataamka, atakunywa chai, atashika ukuta kushuka ngazi, atapanda kwenye lile basi na kuliendesha kwa kumbukumbu ya barabara ambayo tangu jana haipo tena. Nyuma yake watakuwa wanawake wamesinzia, wameegemeana. Pembeni yake atakuwa wifi na kitambaa chake kipya. Na hakuna mtangazaji atakayesema mapema kwamba kuna mtaro.

Wageni walikuwa wanasimama. Mlango ulishafunguliwa. Ikiwa atanyamaza sasa kidogo tu, kwa muda wa mtu kuvaa viatu, mambo yote yatakuwa salama humu ndani. Kaka atabaki Mtabiri. Msimamizi atakwenda zake ameridhika. Nyumba itakula, na yeye atakula pamoja nayo.

Aliliweka sinia chini. Akatembea mpaka katikati ya sebule, mahali ambapo hakuwahi kusimama akiwa mikono mitupu, na watu wakageuka kumtazama kama ambavyo wangegeuka kama runinga ingejiwasha yenyewe.

"Kaka," alisema.

"Naam, mdogo wangu." Kaka alikuwa anatabasamu, uso umeelekea upande wa sauti, kidogo tu pembeni ya pale aliposimama.

Sauti ilipotoka haikuwa kubwa, lakini sebule nzima iliisikia.

"Kaka, huoni. Nimejua siku nyingi, nikawa nakufichia, lakini kaka yangu, wewe huoni."